Miaka sita nafanya kazi za ofisi ya kijiji bila cheti cha chuo, nishaurini

Habari zenu ndugu zangu, naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 33, mke na watoto wawili, naishi kijijini huku mkoa wa Dodoma. Form four nilimaliza 2010 nikapata division four ya pointi 31. Tangu 2019 najitolea ofisi ya kijiji, asubuhi nafungua ofisi, jioni napiga boda. Ilianza hivi, mtendaji wa kijiji wa wakati ule alikuwa anasumbuliwa na macho, akaniita nimwandikie muhtasari wa kikao kimoja, basi ikawa ndo hivyo mpaka leo. Barua za utambulisho za watu wanaofuatilia kitambulisho cha taifa NIDA naandika mimi, kaya zote nazijua, kukiwa na ugomvi wa mipaka ya mashamba mimi ndo naenda na wazee kuonyesha minyaa ya zamani ilipokuwa imepandwa. Mtendaji anasaini na kupiga muhuri.

Mwaka jana akahamishwa, akaja dada wa miaka 24 katoka chuo. Siku ya tatu akaniita pembeni akaniuliza kwa adabu kabisa, kaka, mkutano mkuu wa kijiji hapa mnauandikaje? Tukakaa mpaka magharibi tukaandika wote, akidi, ajenda, yatokanayo, yote. Dada wa watu hana kosa na ananiheshimu sana, na ndo yeye alinionyesha tangazo la kazi kwenye simu yake. Ila usiku ule chakula hakikupita.

Tangazo lenyewe linataka Mtendaji wa Kijiji awe na kidato cha nne au sita pamoja na astashahada, yaani cheti cha chuo cha ngazi ya NTA level 5, ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii na nyingine kama hizo kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, hapa Dodoma, au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Nikasema sawa, Hombolo si mbali, nitasoma. Kumbe kuingia astashahada lazima uwe na D nne na masomo ya dini hayahesabiwi. Mimi ninazo nne, Kiswahili, Civics, Historia na ya nne ni Elimu ya Dini ya Kiislamu. Yaani D moja tu jamani.

Sasa ninazo milioni 1 na laki 3 za alizeti na ng'ombe mmoja niliyemuuza. Mke wangu anasema niachane na chuo niende chuo cha ufundi VETA nisomee udereva, maana udereva serikalini wanataka cheti cha form four, leseni ya daraja C au E na mafunzo ya msingi ya udereva. Ni wazo zuri ila wanataka pia uwe umeendesha angalau mwaka bila kusababisha ajali, na mimi nimeshika pikipiki tu, nani wa huku atanipa gari lake niliendeshe mwaka mzima?

Halafu shemeji yangu kaniletea mtu mmoja anayesema nimpe laki 8 ataniunganishia ajira, na hiyo D inayopungua ataishughulikia yeye, cheti kitatoka kimenyooka. Nilimsikiliza moyo unaenda mbio. Nakumbuka vizuri ile 2017 ripoti ya vyeti feki ilivyotoka na watumishi 9,932, watu walitolewa kazini wakiwa na mikopo na nyumba hazijaisha. Sitaki watoto wangu waje kuona baba yao anafuatwa hivyo. Lakini shemeji kila siku ananiambia wenzako wanapita hukohuko wewe unajifanya msafi, na ni yeye alinikopesha hela ya kununua boda, kumkatalia waziwazi naogopa.

Moyo wangu unataka nirisiti, yaani nirudie mtihani wa form four wa somo moja, Jiografia au Baiolojia, kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili unafungua Januari na mtihani ni Novemba, kisha nianze chuo miaka miwili. Nitamaliza na miaka 36 au 37, na matangazo mengi naona yanasema umri usizidi 45. Aliyewahi kurisiti akiwa mkubwa na familia anaishikaje ratiba ya kusoma? Hii miaka sita ya kujitolea nikiombewa barua ya kijiji inasaidia chochote kwenye usaili au naibeba bure? Na shemeji nimwambieje bila kuvunja undugu, maana yule mtu wake anataka jibu Ijumaa hii.