Barua kwa Rehema: hilo neno "take"

Tanga

Mpendwa Rehema,

Barua yako imefika salama. Huku hatujambo, mama naye mguu umepona na anakusalimu sana.

Umeniuliza kwa nini "take", tuliyokaririshwa shuleni kuwa ni "chukua", huko wodini kwako Birmingham kila mtu anaitumia kwa shughuli yake. Swali limenifurahisha, maana ndilo linalowasumbua wanafunzi wangu pia.

Tuanze na damu. Wao wanasema "take blood". Sisi tunamtoa mgonjwa damu. Sindano ni ile ile na mshipa ni ule ule, ila Mwingereza anatazama damu inakokwenda na sisi tunatazama inakotoka. Joto kwetu hupimwa, dawa humezwa, pumzi huvutwa, eksirei hupigwa, mtihani hufanywa, basi hupandwa. Kazi zote hizo Kiingereza kimeitwika "take" peke yake. Usilione jambo hilo geni, Rehema. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga deki, na hakuna aliyeumia. Hujawahi kujiuliza "piga" maana yake nini hapo, kwa sababu ulilipokea pamoja na mwenzake tangu utotoni. "Take" nayo ipokee hivyo hivyo, na mwenzake.

Neno lenyewe lilikuja Uingereza na Waviking waliofanya makazi kaskazini na mashariki ya nchi. Kwao lilikuwa "taka". Wenyeji walikuwa wakisema "niman", ndugu wa "nehmen" ya Wajerumani, lakini mgeni akamtoa mwenyeji. Kufikia mwaka 1755, Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake, "take" ilikuwa na maana 134. Katika dibaji yake alikiri kwamba vijineno vinavyofuata vitenzi vya Kiingereza ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Kwa hiyo usidhani udhaifu ni wako.

Vijineno hivyo ndivyo vya kukalia macho. Sisi tunabadili mwisho wa kitenzi: chukua, chukulia, chukuana, chukuliwa. Wao kitenzi hawakigusi, wanakiongezea neno dogo nyuma. Chukua "take off": ndege inapaa, mtu anavua viatu, muuguzi anabandua plasta, biashara inashika kasi, na wewe ukipumzika Ijumaa umei-"take off" pia. Tena kuna utaratibu ambao masikio yao hayausamehe: "take off your shoes" ni sawa, "take your shoes off" ni sawa, lakini ukitaja viatu kwa kiwakilishi lazima useme "take them off". "Take off them" hawasemi kamwe. Kumbe "take after" haitenganishwi: "she takes after her", amechukua sura ya mama yake.

Ninayoipenda kuliko zote ni "take in". Fundi cherehani akipunguza gauni kiunoni, ndiyo hiyo. Ukimpokea mtu asiye na pa kulala, ndiyo hiyo. Ukitapeliwa, ndiyo hiyo tena. Lakini wewe utaisikia zaidi daktari akishawaeleza ndugu wa mgonjwa habari nzito, halafu akakunong'oneza, "Give them time to take it in." Anakuomba uwaache kidogo, habari iwaingie. Kwetu habari ndiyo inayomwingia mtu. Kwao mtu ndiye anayeiingiza. Siku hiyo usiwakimbilie na fomu za kutia saini.

Mwisho wa zamu ukiulizwa "Who's taking over from you?", wanataka kujua nani anakupokea, basi.

Kinachoniudhi ni tafsiri za haraka haraka. Juzi nimesoma tangazo kwamba mkutano "utachukua mahali" Jumamosi. Mkutano unafanyika! Kwa Kiingereza ni "take place", na mtu aliyeandika vile alitafsiri neno moja moja, akasahau kwamba "take" na "place" huchukuliwa pamoja.

Naomba unifanyie jambo moja. Ukisikia "take" usiyoijua, niandikie sentensi nzima, nani alimwambia nani na walikuwa wakifanya nini. Usiniandikie neno tupu. Nitawasomea kidato cha tatu, na maana zake nitakujibu kwa barua.

Jifunike vizuri na hiyo baridi. Watoto wanakusalimu.

Rafiki yako,
Mwanaidi