Kiwanda cha Marconi cha Chelmsford kielezwe kwa kazi iliyofanyika ndani yake

Ndugu Mhariri,

Kiwanda cha Marconi cha Chelmsford, jimbo la Essex, Uingereza, kimeandikwa sana kama kivuli cha mtu mmoja. Msomaji huonyeshwa Guglielmo Marconi, mvumbuzi wa Kiitaliano wa telegrafu ya redio, ishara iliyovuka Atlantiki Desemba 1901 na Titanic ya mwaka 1912, kisha huambiwa kiwanda kilifungwa. Mlangoni mwa kiwanda hafikishwi. Sisi mafundi wa mitambo ya zamani ya redio tunaomba nafasi tueleze kilichokuwa kikitengenezwa humo, kwa sababu vifaa vyenyewe ndivyo vilivyoamua majengo yawe ya namna gani.

Kampuni iliandikishwa Julai 1897. Desemba 1898 ilifungua karakana Hall Street, Chelmsford, katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha hariri. Hapo ndipo panapohesabiwa kuwa kiwanda cha kwanza duniani cha vifaa vya redio. Mji huo ulikuwa na reli ya kwenda London, na tangu 1878 ulikuwa na kiwanda cha umeme cha Crompton, kwa hiyo watu waliojua kusuka koili na kuhami waya walikuwepo tayari.

Kifaa kigumu kuliko vyote kutengeneza kilikuwa kohera, kinasa mawimbi cha kipokezi, na ni kidogo kama kidole. Ni kibomba cha kioo chenye vizibo viwili vya fedha vinavyotazamana, pengo kati yao halifiki milimita moja. Ndani ya pengo mna unga wa tupa: nikeli kwa sehemu kubwa, na fedha kidogo. Hewa ilivutwa kwa pampu, kisha kibomba kikazibwa kwa moto. Unga ulichekechwa ili punje zilingane, na haukutakiwa kuguswa kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huhami punje. Ukijazwa kwa kushindiliwa, kohera haiachii. Ukiwa mchache mno, haishiki. Vibomba viwili vilivyojazwa na mkono uleule siku ileile vingeweza kutofautiana kabisa, kwa hiyo kila kimoja kilipimwa kabla ya kutoka.

Wimbi likifika, punje hushikamana na mkondo mdogo wa betri hupita. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa na mkondo mdogo, hufunga, mashine ya kuchapa nukta na vistari huandika, na kinyundo hukigonga kibomba ili punje ziachane. Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo makala nyingi huliruka. Miguso ya rilei na ya kinyundo hutoa cheche, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio. Kipokezi hujisikia chenyewe na kuandika nukta zisizokuwepo. Dawa yake ilikuwa kuweka resista (kipunguza mkondo) sambamba na kila koili na kila mguso unaoruka cheche, kuweka koili za kuzuia kati ya kohera na rilei, kisha kufungia vyote katika kasha la chuma. Hata kikirekebishwa vizuri, kipokezi cha namna hiyo kiliandika maneno 15 hivi tu kwa dakika, kwa kuwa kinyundo kina mwendo wake na hakiharakishwi.

Upande wa kutuma, mtambo wa kawaida ulikuwa koili ya inchi 10, yaani yenye uwezo wa kurusha cheche ya urefu wa sentimita 25. Koili yake ya pili, ile inayotoa volti kubwa, haikusukwa kwa mkupuo mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Ilisukwa kwa visahani vingi vyembamba vilivyopangwa bega kwa bega na kuzamishwa katika nta ya parafini, ili waya zinazogusana zisitofautiane sana kwa volti. Wanawake wa Hall Street waliifanya sehemu kubwa ya usukaji huo, na tunaona aibu kwamba hawatajwi. Kiputo kimoja cha hewa ndani ya nta, au unyevu kidogo kwenye uzi wa kuhami, kilitosha kuifanya cheche ipite ndani badala ya nje. Koili iliyopasuka ndani haikurekebishika bila kusukwa upya.

Mwaka 1902 Marconi alileta detekta ya sumaku, kinasa ishara cha kushika nafasi ya kohera, na kazi ya kiwanda ikabadilika. Kamba ya nyuzi nyembamba za chuma laini huzungushwa polepole na mashine ya kamani (springi kama ya saa) kati ya magurudumu mawili, ikipita mbele ya sumaku na ndani ya koili mbili. Ishara hubadili usumaku wa kamba, na opereta husikia mlio masikioni. Hakuna kinyundo, hakuna punje. Meli inaweza kuyumba na kutikisika, nayo ikaendelea kufanya kazi. Hitilafu yake ya kawaida ni kamani kuisha: kamba ikisimama, ishara hufifia, na opereta asiyejua hudhani antena imekatika. Kifaa hiki kilihitaji mtengenezaji wa saa kama kilivyohitaji fundi umeme, na kilitengenezwa kwa mfululizo kwa vipimo vilevile, jambo ambalo kohera haikulikubali kamwe.

Kwa hiyo Hall Street ikawa ndogo. Kiwanda kipya cha New Street, kando ya reli, kilijengwa kwa wiki 17 na kufunguliwa Juni 1912. Wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa telegrafu ya redio uliokuwa ukifanyika London walikitembelea. Msomaji anayeona 1912 mara mbili hudhani Titanic ndiyo iliyokileta. Ahesabu: meli ilizama usiku wa kuamkia Aprili 15, na wiki 17 kabla ya Juni zinarudi hadi Februari au mwanzo wa Machi. Msingi ulikwisha kuchimbwa. Ajali ilileta masharti, na masharti yakaleta oda. Mkataba uliotiwa saini London Januari 1914 ulidai redio kwenye meli zinazobeba watu 50 au zaidi.

Valvu, yaani taa za kioo za kunasa na kukuza ishara, nazo zina mkanganyiko wake. John Ambrose Fleming, mshauri wa kampuni, alipata hati miliki ya valvu ya kwanza mwaka 1904, lakini Chelmsford haikuwa nyumba ya valvu. Baada ya 1919 nyingi zilitoka Hammersmith, London, kwenye kampuni ya ubia wa Marconi na GEC, kampuni ya umeme ya Uingereza. New Street ilizijengea mitambo. Zile za awali za H. J. Round, mhandisi wa Marconi, ziliachwa na gesi kidogo ndani kwa makusudi, kwa kuwa iliongeza wepesi wa kuhisi. Gesi hiyo hupungua kwa matumizi, kwa hiyo kioo kilikuwa na kichomozo chenye asbesto ndani, na opereta alikipasha moto ili gesi itoke tena. Valvu zenye ombwe kamili ziliondoa usumbufu huo.

Ndiyo maana Juni 15, 1920, mwimbaji wa opera Nellie Melba aliweza kuimba redioni kutoka New Street kwa mtambo wa kilowati 15, kwa wimbi la urefu wa mita 2,800, kwa antena iliyoning'inia kwenye milingoti ya futi 450. Maikrofoni ilikuwa ya punje za kaboni, kama ya simu. Punje hizo nazo hushikamana mkondo ukizidi, sauti ikadidimia mpaka zitikiswe. Miaka zaidi ya 20 baada ya kohera, fundi bado alikuwa akipambana na punje! Mwaka huohuo idhini ya matangazo hayo iliondolewa, kwa hoja kwamba yaliingilia mawasiliano mengine. Matangazo ya ratiba yalianza Februari 14, 1922, kutoka kibanda cha Writtle, nje kidogo ya mji.

Wenye redio za nyumbani zenye jina la Marconi waangalie mwaka. Biashara ya Marconiphone, tawi la redio za nyumbani, iliuzwa kwa Gramophone Company mwaka 1929, hivyo redio ya sebuleni ya miaka ya 1930 haikutoka Chelmsford hata jina likisema hivyo. New Street iliendelea na vifaa vya kitaalamu: mitambo ya matangazo, ya meli, ya ndege, baadaye kamera za televisheni.

Mwisho wake hauhitaji maneno mengi. English Electric iliinunua kampuni 1946, GEC ikaichukua English Electric 1968. Mwaka 1999 upande wa ulinzi ulikwenda British Aerospace, na uliobaki ukaweka fedha nyingi kwenye mawasiliano ya simu na intaneti, soko likaanguka 2001. New Street ikafungwa 2008. Nyaraka ziko Oxford tangu 2004, na kibanda cha Writtle kimehifadhiwa Sandford Mill, Chelmsford.

Kilicho hatarini ni vifaa vilivyo mikononi mwa watu. Mwenye detekta ya sumaku asibadilishe kamba kwa waya wa chuma cha pua au wa feleji: huo hauna tabia ya chuma laini, na kifaa kitakuwa bubu hata kikizunguka vizuri. Mwenye koili ya inchi 10 asiijaribu kwa cheche ya sentimita 25. Apime kwanza kama waya wa koili ya pili haujakatika, aweke pengo la sentimita moja, asiwashe kamwe bila pengo hilo, maana volti isiyo na njia ya nje hutafuta ya ndani. Akisikia mfoko ndani ya kasha, au akinusa ozoni bila kuona cheche nje, azime hapohapo.

Wenu,
Mafundi wa mitambo ya zamani ya redio