Fundi, usiikwangue dari hiyo ikiwa kavu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa ujenzi wa Jumamosi iliyopita ulimjibu msomaji aliyechoshwa na dari yake ya zamani: kwangua kwa skrepa, piga msasa, kisha skimu, yaani paka plasta laini juu yake. Naomba nafasi nieleze yaliyonikuta kwa kufuata ushauri wa namna hiyohiyo.

Nyumba yangu ipo Gangilonga, hapa Iringa. Ilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wageni wa mradi, na dari ya sebuleni ilipuliziwa kitu kizito cheupe kikakauka chengachenga, mfano wa ukoko wa makande. Buibui wanaipenda. Mwezi wa saba tunapofunga madirisha kwa baridi na kuingiza jiko la mkaa (najua, na hilo nalo si la kusifiwa), masizi yanaganda kwenye kila kinundu.

Send-off ya binti yangu ilipokaribia nikaita fundi. Kwa nusu saa ya kukwangua, vumbi lilijaa mpaka vikombe vya kabatini vikawa na unga. Shemeji yangu aliyesomea ujenzi alipoingia aliuliza swali moja tu: nyumba hii ni ya mwaka gani? Kisha akamteremsha fundi kwenye ngazi.

Baadhi ya dari za kupulizia za enzi hizo zilichanganywa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi. Marekani iliikataza katika dari za mapambo za kupulizia mwaka 1978. Uingereza haikukamilisha marufuku yake mpaka 1999. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, zikivutwa zinakaa mapafuni, na saratani yake huchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza. “Mama, hii chokaa tu,” fundi alinijibu, huku kajifunga kitambaa puani ambacho hakitoshi kuzuia nyuzi hizo. Huenda ni chokaa kweli. Lakini bila maabara si yeye wala mimi tunaoweza kujua kwa kuitazama.

Kulowesha ndipo ukwangue kungepunguza vumbi, ila yangu ilishapakwa rangi ya mafuta mara mbili. Maji yanateleza tu. Tukaamua kuifunika. Fundi alipiga blandaringi, zile fito za mbao za kushikilia bodi, kwenye dari ileile, skrubu zikafika kwenye mbao za paa, na kila alipotoboa aliweka kwanza povu la sabuni ili vumbi linase humo. Halafu bodi za jipsamu za milimita 9. Sebule imeshuka kama inchi mbili na nusu, na hakuna mgeni aliyegundua.

Kosa langu lilikuwa mbao. Nilinunua za paini kutoka Mafinga, mbichi, kwa sababu zilikuwa za bei nafuu na muuzaji alikuwa na maneno matamu. Wiki ya tatu zilijipinda na maungio ya bodi yakafunguka kutoka mlangoni hadi dirishani. Tukarudia upande mzima. Mbao ziachwe zikauke, na bati linalovuja lizibwe kabla, maana jipsamu ikinywa maji inalegea na kushuka.

Lile vumbi la siku ya kwanza hatukulifagia. Tulilifuta kwa matambara mabichi, tukayatia pamoja na vipande vya dari kwenye mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Nilipouliza kwenye ofisi moja pa kuupeleka mzigo huo, nikaambiwa, “Mama, chimba shimo ufukie.” Nyuma ya nyumba yangu ni bustani ya mboga. Mfuko bado upo stoo, nimeuandika kwa kalamu ya wino USIFUNGUE, na ukurasa wenu wa ujenzi ukijua unapopokelewa hapa Iringa, naomba mwandike.

Mwalimu mstaafu,
Gangilonga, Iringa