Barua kwa mwanangu aliye Maskati

Mwanangu Salum,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua kwa mvua hizi za masika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Picha ya tasbihi uliyoikereza nimemwonyesha kila aliyepita barazani, hata muuza samaki. Punje 33 na sikuona moja iliyomzidi mwenzake. Mie kwa umri wako nilikuwa bado nakereza matendegu yanayochechemea.

Lakini picha nyingine, ile uliyojipiga mwenyewe, niliikuza. Nimeiona shingo yako, na upele wake.

Unasema ni kamba uliowala Ijumaa, na vumbi umeshalizoea. Kamba unawala tangu hujaota magego. Usitazame ulichokula jana, tazama ulichokereza juzi. Upele wa mbao aghalabu huchukua siku moja au mbili kutoka, ndiyo maana watu humsingizia kamba. Halafu angalia umetokea wapi: kwenye kola, kwenye mkanda, kwenye kope. Ndipo jasho linapotuama, unga ukaloa, na ukali wa mti ukaingia ndani. Hiyo mbao yenye unga wa rangi ya chungwa uliyosema inaletwa kutoka Amerika ya Kati, kokobolo, ni ukoo mmoja na mpingo wetu, na kwa kuwasha ina sifa mbaya zaidi.

Hilo neno "nimezoea" limeninyima usingizi. Mkono huzoea patasi. Ngozi haizoei mti, inauwekea hesabu. Mvule niliukereza miaka 19 bila hata chafya, nikigombana nao kwa yale mawe yake ya ndani tu yanayoua makali. Kisha ikaja asubuhi ile, unaijua, siirudii. Tangu hapo nikipita penye msumeno unaopasua mvule, macho yanavimba kabla sijafika nyumbani. Mwili ukishaukataa mti hausahau, na unga kidogo tu unatosha. Kwa hiyo usiniambie umezoea.

Watu walisema mvule una wenyewe na mie nimewaudhi. Nikaenda nilikokwenda, na pesa ya paa ikaenda huko huko. Daktari wa ngozi aliniuliza swali moja tu: kazi yako nini? Hilo la paa usimkumbushe mama yako.

Unajisifia chumba cha kazi kina kiyoyozi na milango imefungwa. Hapa tulikereza chini ya mwembe, upepo wa bahari ukichukua nusu. Kiyoyozi hakitoi vumbi, kinalizungusha. Maranda yanayokurukia kifuani si kitu. Kibaya ni ule unga wa msasa namba 400, usioonekana, unaobaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, nyie mmekaa humo humo mnakunywa kahawa. Mwambie tajiri wako anunue mashine ya kufyonza, mdomo wake ukae nyuma ya keezo, pale pale unapopiga msasa. Na hiyo kompresa unayojipulizia nguo jioni, iache. Leo, si wiki ijayo.

Binamu yako wa hospitali amenisomea kwamba tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vyenye hakika ya kuleta saratani. Hii ni ya pua na matundu yaliyo nyuma yake, na huja baada ya miaka mingi, mtu keshasahau alikereza nini. Pua yangu nimekwenda kupimwa, hamna kitu, usiulize tena.

Barakoa ya bluu uliyovaa pichani ni pambo. Inatakiwa N95 au ile ya kichujio, ibane usoni, na ndevu zako haziiachi ibane. Sikwambii unyoe. Ipo kofia yenye kioo na feni inayopuliza hewa iliyochujwa. Wenye ndevu huvaa hiyo. Ni ghali. Ile pesa ya mwezi huu usinitumie, kainunulie. Nakumbuka nilivyokuwa nikiwacheka vijana waliofunga leso puani pale karakana. Walikuwa wawili, na mmoja wao ni wewe.

Nguo za kazi zivulie huko huko, uzifue peke yake. Mama yako alinifulia miaka yote hiyo, mikono ikimwasha, na sie tukawa tunabadilisha sabuni.

Posa ya dada yako imekubaliwa, Alhamdulillah. Wanataka kitanda cha besera. Mbao za mninga nimepata kwa bei nzuri, ila matendegu nimempa fundi wa Ng'ambo akereze, maana mninga nao umeanza kunibana kifua. Mama yako anadhani nimempa kwa sababu ya uzee, na mie nimemwacha adhani hivyo. Paa la jikoni bado linavuja upande wa karo. Kuku wa bibi yako wanatagia ndani ya sanduku langu la patasi.

Kesho ukiamka, kabla hujanawa, piga picha ya kope na shingo, kola wazi, mwanga wa dirishani. Itume kwa simu ya dada yako. Yangu imepasuka kioo, upele wote naona kama nyufa.

Baba yako