Masire, mwalimu na mfugaji wa Kanye, asisahaulike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke Sir Quett Ketumile Masire, Rais wa pili wa Botswana, aliyezaliwa Kanye tarehe 23 Julai 1925 na kufariki dunia tarehe 22 Juni 2017. Magazeti yetu yakimtaja, humtaja kama rais mstaafu aliyesuluhisha mgogoro wa Congo, na hilo ni kweli. Batswana wenyewe, hata hivyo, walimwita Rra Gaone, yaani Baba Gaone, kama aitwavyo mzee yeyote mwenye mji wake, nami naamini kwamba mtu huyu haeleweki mpaka uanzie zizini na darasani.

Masire alichunga ng'ombe wa kwao kabla ya kuingia shule, kisha akafaulu kiasi cha kupata nafasi ya kusoma shule ya Tiger Kloof, nchini Afrika Kusini. Wazazi wake walipofariki ikambidi awalee wadogo zake, hivyo badala ya kwenda chuo kikuu akashika chaki. Mwaka 1950 alianzisha Shule ya Sekondari ya Seepapitso II mjini Kanye na kuwa mwalimu mkuu wake, wakati ambapo Bechuanaland, kama Botswana ilivyoitwa chini ya utawala wa Mwingereza, ilikuwa na shule za sekondari za kuhesabika.

Alipoacha ualimu aliingia katika kilimo na ufugaji kwa bidii ile ile, na mwaka 1957 akatunukiwa cheti cha Mkulima Bora. Mafanikio hayo yalimletea matatizo. Chifu Bathoen wa Pili wa Bangwaketse, kabila la Kanye, ambaye walikuwa wamekwisha kukwaruzana tangu enzi za shule, alimnyang'anya mashamba kwa madai kwamba ameweka uzio katika ardhi ya jamii nzima. Wafugaji wanaosoma barua hii wanajua uzito wa jambo hilo, kwa kuwa uzio wa mmoja unaweza kuwa ndio mwisho wa malisho ya mwenzake, na sioni sababu ya kumfanya chifu yule kuwa mkosaji mtupu. Baadaye Bathoen aliacha uchifu akaingia katika siasa za upinzani, na katika uchaguzi wa mwaka 1969 akambwaga Masire, aliyekuwa Makamu wa Rais, mbele ya wapiga kura wa kwao Kanye. Masire alirudi bungeni kwa nafasi za wabunge wa kuteuliwa, akaendelea na kazi yake ya fedha na mipango, na Bathoen akaketi upande wa pili kama mbunge halali. Ni viongozi wangapi wa kizazi kile waliokubali kushindwa nyumbani kwao namna hiyo?

Mwaka 1976, Seretse Khama akiwa Rais na Masire akiwa msaidizi wake wa karibu, nchi ilijikuta haina chuo kikuu chake yenyewe baada ya Lesotho kujitoa katika chuo walichokuwa wakishirikiana. Wananchi wakaombwa wachange chini ya wito wa "Motho le motho kgomo", kila mtu na ng'ombe wake. Wenye ng'ombe wakaleta ng'ombe, wasio nao wakaleta nafaka, mayai au fedha kidogo. Tukumbuke kwamba Batswana humsifu ng'ombe kwa kumwita mungu mwenye pua yenye majimaji. Kumtoa zizini kwa ajili ya masomo ya mtoto wa mwingine, ambaye pengine hutamwona maishani, si jambo dogo. Chuo Kikuu cha Botswana kilianzishwa rasmi mwaka 1982, Masire akiwa tayari ni Rais.

Mtihani wake mgumu kuliko yote kama mfugaji ulikuja mwaka 1995, homa ya mapafu ya ng'ombe ilipoingia Ngamiland, kaskazini magharibi mwa nchi. Serikali yake iliamua kuwaua ng'ombe wote wa wilaya ile, wapatao 320,000, wazima kwa wagonjwa, ili ugonjwa usienee na soko la nyama la Ulaya lisifungwe. Familia nyingi zilibaki na mazizi matupu zikisubiri fidia. Nauona uamuzi ule kuwa wa lazima, lakini najua wapo wazee wa huko ambao hawatakubaliana nami, na wana haki. Wana haki pia Basarwa, wenyeji wa asili wa jangwani, walioanza kuhamishwa kutoka hifadhi ya Kalahari ya Kati mwaka 1997, katika siku za mwisho za utawala wake. Hilo ni doa, na mapenzi yangu kwake hayalifuti.

Aliondoka madarakani kwa hiari mwaka 1998, akarudi kwa ng'ombe wake, lakini Afrika haikumwacha apumzike. Aliongoza jopo la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililochunguza mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 na kutoa ripoti yake mwaka 2000. Wakati huo huo alikuwa mwezeshaji wa mazungumzo ya Wacongo. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilimkataa na ofisi yake ya Kinshasa ikafungwa. Wengine walimlaumu kwamba hajui Kifaransa. Alivumilia, na mwaka 2002 wajumbe zaidi ya 300 wakaketi Sun City, Afrika Kusini. Mkataba ulitiwa saini Pretoria mwezi Desemba mwaka huo huo, na mazungumzo yakafungwa rasmi Sun City mwezi Aprili 2003.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninaomba kwamba kila gazeti lako linapoandika habari za Goma, Bukavu na mikataba inayoendelea kutafutwa huko, wasomaji vijana wakumbushwe pia juu ya mwalimu huyu wa Kanye aliyewakalisha Wacongo meza moja akiwa na umri wa miaka zaidi ya 75.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma