Mdogo wangu, nyimbo za wazee zisingoje jioni

Mdogo wangu,

Ile orodha ya nyimbo arobaini za harusi yako uliyonitumia nimeisikiliza yote, nyingine nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Ngong. Nyimbo ni nzuri. Lakini katika hizo arobaini sijaona hata mmoja wa kumwinua shosho, bibi yetu, kitini.

Acha nikwambie yaliyonipata kwenye harusi yangu, maana wakati ule ulikuwa mtoto. Nyimbo za wazee tuliziweka mwisho kabisa, baada ya keki, zawadi na hotuba, na hotuba za ukoo wetu unazijua. Babu alikuwa ameniahidi tutacheza mwomboko pamoja, ile ngoma ya Wakikuyu ya kodiani, hatua mbili na kuinama, kama alivyocheza ujanani. Saa kumi na moja dereva wa basi la Murang'a akapiga honi. Kodiani ilipoanza kulia kwenye spika, babu alikuwa ameshaketi dirishani, blanketi magotini. Alinipungia mkono. Hatukupata tena nafasi ya kucheza, na mpaka leo nikisikia kodiani naliona lile dirisha.

Kwa hiyo nakuomba: watu wakishamaliza kula tu, kabla ya hotuba yoyote, wapigie wazee nyimbo zao. Vijana wa Nairobi watakuwepo hadi usiku, na hizo arobaini zitawatosha. Anayetoka mbali ndiye mwenye haraka.

Na shemeji zetu wa Kakamega wanakuja na ngoma yao wenyewe ya isukuti. Mwambie dijei mapema kwamba wakiingia, spika zizimwe kabisa, si kupunguzwa sauti. Zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinasemezana, na muziki mwingine ukipita katikati husikii lolote. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wewe unaletewa mpaka mlangoni pa hema, na wanaoipiga ni wajomba wa mumeo! Ipe nusu saa nzima.

Jambo jingine ni maneno. Umeandika kwamba mtaingia hemani kwa "Malaika". Najua sauti yake ni tamu, nami naipenda. Lakini anayeimba pale ni kijana anayelia kwamba hana mali ya kumwoa ampendaye. Mchumba wako amehangaika miaka miwili na mahari akaimaliza. Mwingize kwa wimbo wa aliyepata. "Sina Makosa" ya Les Wanyika nayo ipigwe watu wakiwa wamechangamka, si wakati wa kukata keki, kwa sababu ni mtu anajitetea mbele ya mwenzake mwenye hasira, na kila mmoja ana wake nyumbani. Wazee wanaelewa kila neno. Huwa nawaona wakitazamana.

Kanisani sina mengi. Ni misa, kwa hiyo ule wimbo wenu wa mapenzi wa redioni usimpelekee padri, utakataliwa. Uache uje hemani. Mwone mwalimu wa kwaya mwezi mmoja kabla, mkubaliane nyimbo za kuingia, za matoleo na za shukrani, na umwombe angalau mmoja wa Kikikuyu na mmoja wa Kiluhya, kwa kayamba. Mama wa bwana harusi akisikia lugha yake ndani ya kanisa la Nairobi atapiga vigelegele kabla hujafika madhabahuni. Na wanakwaya wapangiwe chakula. Watu huwasahau, nao wamesimama tangu asubuhi.

Jumapili naenda kwa shosho. Nitamuuliza ni nyimbo gani alizokuwa akicheza na babu, nimrekodi akiziimba, kisha nikutumie. Wewe kwenye ratiba andika tu: saa nane na nusu, mwomboko. Nitakuwa nimeshamshika mkono.

Dada yako