Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Kemia, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tuliamua kujifunza jambo moja kwa kina: kemikali za viwandani na za nyumbani zinafikaje mwilini mwa mtu. Wengi wetu tulizoea kuuliza tu kama kitu kina sumu au hakina. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alikwisha kufundisha kwamba kipimo ndicho kinachokifanya kitu kiwe sumu. Nasi tumejifunza kuongeza maswali: imeingia kwa njia gani, kwa muda gani, na aliyeipata ni nani?

Njia kubwa ni tatu. Fundi anayepuliza rangi katika chumba kilichofungwa huivuta kwa pua. Anayekula bila kunawa baada ya kunyunyiza viuatilifu huvimeza. Anayesafisha brashi kwa thina mikono mitupu huipitisha kwenye ngozi, hata kama haoni kidonda chochote.

Madini ya risasi ndiyo yaliyotushtua zaidi. Yalianza kutiwa kwenye petroli ya magari miaka ya 1920, na ni mwaka 2021 tu ndipo nchi ya mwisho, Algeria, ilipoacha kuuza petroli hiyo. Karibu karne nzima watu waliyavuta barabarani, ingawa tangu mwanzoni baadhi ya wafanyakazi wa viwanda vilivyoyatengeneza walikufa kwa sumu yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiyameza, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na yakishaingia kwenye mifupa hukaa humo kwa miongo. Baba anayefanya kazi kwenye karakana ya betri anaweza kurudi na vumbi la risasi kwenye nguo, akampakata mwanawe. Mtoto huyo hajawahi kukanyaga karakana, lakini ubongo wake ndio unaoumia.

Zebaki nayo imo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti, uliopitishwa mwaka 2013, ulipewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako taka za kiwanda zenye zebaki ziliingia baharini, zikaingia kwenye samaki, kisha kwa watu. Anayepaka krimu hizo huumiza figo zake, na walio naye nyumbani huweza kuipata kwa kugusana naye au kutumia taulo moja.

Mheshimiwa, yapo pia madhara ya papo hapo. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Na tunawasihi wazazi wetu waliopo hapa: msimimine mafuta ya taa wala kiuatilifu kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa, hajui kilichomo.

Pamoja na juhudi hizi, klabu inakabiliwa na changamoto. Feni ya kutolea hewa chafu maabarani haifanyi kazi, kwa hiyo majaribio mengine tunayasoma vitabuni tu. Glovu na miwani ya kujikinga havitutoshi. Kubwa kuliko yote, kabatini kuna chupa za zamani ambazo lebo zimefutika. Hatuthubutu kuzifungua, wala haifai kuzimwaga kwenye sinki.

Tunakuomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utusaidie kupata feni na vifaa vya kujikinga, na utuunganishe na wataalamu wa kuziondoa chupa hizo kwa usalama. Ombi letu la mwisho halihitaji fedha: popote sauti yako inaposikika, ututetee ili kila bidhaa iandikwe vilivyomo, kwa lugha anayoielewa mnunuzi. Mtu hawezi kujilinda na kitu asichoambiwa kuwa kipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Klabu ya Kemia